Je, Volkeno ni Adhabu ya Nani?

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Kuna neno ambalo sisi Waislamu hulitamka kwa wepesi kila balaa linapowafika watu walio mbali nasi: "Hiyo ni adhabu." Maporomoko ya udongo yalipowafukia watu wa Nametsi kule Bududa mwaka 2010, lilisemwa. Mito ya Nabuyonga na Namatala ilipofurika hapa Mbale mwaka 2022, lilisemwa tena, ila safari hii kwa sauti ya chini kidogo, kwa sababu waliofikwa walikuwa majirani zetu na baadhi yao tulikuwa tukisimama nao safu moja msikitini. Tofauti hiyo ya sauti ndiyo iliyonifanya nishike kalamu. Kama neno ni la kweli, kwa nini tulipunguze sauti mbele ya mfiwa? Na kama si la kweli, nani alituruhusu kulisema akiwa hayupo?

Likizo iliyopita familia yetu ilikwenda Kisoro kupiga kambi kwa siku nne. Baba alikuwa na hamu ya miaka mingi ya kutuonyesha milima ya Virunga. Tulijaza magari mawili kwa mahema, magodoro, jiko la mkaa na watoto, tukaikata Uganda kutoka mashariki hadi pembe yake ya kusini-magharibi, tukisali kwa kukusanya na kupunguza njiani. Sisi tunaosoma chini ya Mlima Elgon tunaishi juu ya volkeno vilevile, lakini Elgon imezimika zamani sana hata tumesahau ilikuwa nini. Kisoro huwezi kusahau. Jiwe jeusi lenye vitundu liko kila mahali. Wakulima wameliokota mashambani kizazi baada ya kizazi na kulipanga kuwa kuta, na katikati ya kuta hizo udongo ni mweusi, laini, na viazi vinastawi ajabu.

Milima mitatu inasimama mpakani: Muhabura wenye mita 4,127, Mgahinga, na Sabinyo ambao kilele chake ni mahali Uganda, Rwanda na Kongo zinapokutana. Wenyeji walitueleza kwamba Sabinyo maana yake ni meno ya mzee, na ukiutazama ulivyochongoka huwezi kubisha. Muhabura maana yake ni mwenye kuonyesha njia. Baba alifurahi mno kusikia hilo, akawakusanya watoto na kuwasomea kutoka Suratun-Nahl pale Mwenyezi Mungu (s.w.t.) anapotaja milima, mito, njia na alama ambazo kwazo watu huongoka katika safari zao. Siku ya pili tulikwenda kuona pango la Garama, mfereji wa chini ya ardhi wenye urefu wa mita zaidi ya 300 ambao Batwa waliutumia zamani. Uliachwa na lava iliyokuwa ikitiririka: juu ilipoa ikawa dari, ndani ikaendelea kukimbia mpaka ikaisha. Wadogo zangu walikuwa wakipiga kelele ili wasikie mwangwi. (Mmoja aliuliza kama inafaa kutayamamu kwa jiwe la volkeno. Kwetu Mashafi lazima pawe na vumbi. Wenzetu wa Maliki na Hanafi wangemruhusu jiwe tupu. Lakini maji yalikuwepo, kwa hiyo alikwenda kutawadha.)

Basi jioni ya siku ile, baada ya Magharibi, mwenyeji wetu alinyoosha mkono upande wa magharibi akasema kwamba huko, ng'ambo ya mpaka, uko Nyiragongo, na kwamba kuna usiku ambapo mawingu ya upande ule huwa mekundu. Tulitazama. Hatukuona ila giza. Mjomba wangu, ambaye ni mtu mwema na mwenye kupenda dini, akasema, "Subhanallah. Wale watu wa Goma Mwenyezi Mungu amewaadhibu mara ngapi, na bado hawasikii."

Mke wa baba yangu mdogo amezaliwa Goma. Alikuwa amekaa palepale akimenya viazi. Hakupandisha sauti. Alisema, "Shemeji, nyumba yetu iko chini ya jiwe kama hili. Bibi yangu hakuwa na miguu ya kukimbia. Yeye aliadhibiwa kwa lipi?"

Hapakuwa na aliyejibu mara moja. Mjomba alimtaka radhi kwa uchungu wake, lakini hakuliondoa neno lake. Alilitetea kwa dalili, na mimi namheshimu kwa hilo, kwa sababu mtu mwenye dalili unaweza kukaa naye ukazungumza. Alitaja watu wa Thamud. Alitaja aya ya 30 ya Suratush-Shura, kwamba misiba inayotupata ni kwa yale yaliyochumwa na mikono yetu. Alitaja kwamba ardhi ilitetemeka Madina katika ukhalifa wa Sayyidna Umar (r.a.), naye akawaambia watu kwamba wamezua mambo. Zote ni dalili nzito. Hebu tuzitazame moja moja, kwa sababu naona kila moja, ukiisoma vizuri, inamgeukia msemaji.

Tuanze na Thamud. Mtume (s.a.w.) alipopita Hijr akielekea Tabuk, aliwakataza masahaba wasiingie katika makazi ya wale walioadhibiwa ila wakiwa wanalia, wasije wakapatwa na yaliyowapata wale. Mjomba alisema: basi tazama, Mtume mwenyewe alisoma adhabu katika mandhari. Lakini Mtume hakuijua adhabu ya Thamud kwa kutazama mawe ya Hijr. Aliijua kwa wahyi. Qur'ani imetutajia kaumu ile kwa jina, mtume wao kwa jina, dhambi yao ilivyokuwa, na onyo walilopewa kabla. Je, ni wahyi upi ulioshuka kuhusu Goma? Wahyi ulikatika alipofariki Mtume (s.a.w.). Anayesema leo kwamba mlipuko fulani ulikuwa adhabu ya watu fulani anatoa habari za ghaibu, na sisi wanafunzi wa dini tunajua habari za ghaibu hutolewa na nani. Tena angalia walichoamrishwa masahaba pale Hijr. Waliamrishwa kulia kwa kujihofia wao wenyewe. Hawakuamrishwa kusimama juu ya magofu na kutoa hotuba juu ya ubaya wa wenye magofu.

Ama aya ya Suratush-Shura, msemo wake ni wa "ninyi". Inamsemesha anayeisikia. Ukivunjika mguu, aya hiyo ni yako, jihesabu. Jirani yako akivunjika mguu, aya inayokuhusu wewe ni nyingine, ya kusaidiana katika wema. Na wala hakuna mwanachuoni aliyeifahamu kuwa kila msiba ni malipo ya dhambi, kwani Nabii Ayyub (a.s.) alipatwa na yaliyompata naye ni nabii, na watoto wachanga hufa kila siku.

Habari ya Sayyidna Umar ndiyo iliyonifikirisha zaidi, maana pale hakuna wahyi na bado neno kali limesemwa. Lakini Umar alisema na watu wake, juu ya ardhi ileile iliyotetemeka chini ya miguu yake, naye ndiye aliyekuwa na dhamana yao. Hakusema na watu wa Misri kutokea Madina. Mimi naona kuna tofauti kubwa kati ya kiongozi anayewaambia watu wake "tujirekebishe" na mtu aliyeketi salama kambini, chai mkononi, akiwasema waliounguliwa nyumba katika nchi nyingine. Maneno yanaweza kufanana, lakini la kwanza ni nasaha. La pili sijui niliite nini ila kujitukuza.

Katika Sunna iko kanuni iliyo wazi zaidi ya hizo zote. Mwaka wa 10 Hijria alifariki Ibrahim, mtoto wa Mtume (s.a.w.), na siku hiyohiyo jua likapatwa. Watu wakasema jua limepatwa kwa kifo chake. Fikiri, ndugu msomaji: tafsiri hiyo ilikuwa ya heshima, ilimpendeza kila mpenzi wa Mtume, na yeye alikuwa katika huzuni ya kufiwa. Angeweza kunyamaza tu. Badala yake alisimama akawafundisha kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Kisha akasali, akawahimiza watu dua na sadaka. Alizuia alama isigeuzwe kuwa maelezo juu ya mtu fulani, hata maelezo mazuri. Na hapohapo hakuifanya kuwa jambo la kawaida lisilogusa moyo. Alisali sala ndefu.

Mambo hayo mawili huyaona tena katika hadithi ya Bibi Aisha (r.a.), kwamba Mtume alipoona wingu au upepo mkali uso wake ulibadilika, ilhali watu walikuwa wakifurahia mvua, alipoulizwa, alisema hana dhamana kwamba hamna adhabu ndani yake, na akakumbuka walioangamizwa kwa upepo. Wingu liko juu ya kichwa chake yeye, naye anajihofia yeye na umma wake. Woga huo mimi siupingi hata kidogo. Nauombea.

Mjomba alikuwa na hoja moja zaidi: watu wa Goma wengi wao si Waislamu. Alitaka kusema kwamba hadithi zinazowahesabu mashahidi aliyefunikwa na jengo, aliyezama, na katika riwaya nyingine aliyeungua, haziwahusu. Sawa, fadhila hiyo ni ya Waislamu, na Waislamu wako Goma, mmoja wao alikuwa akimenya viazi mbele yake. Lakini hata kwa wasio Waislamu, tukumbuke sababu ya kushuka aya ya 128 ya Suratu Aal Imran. Mtume alikuwa akiwaombea laana baadhi ya viongozi wa Kikureshi waliompiga vita, na akaambiwa kwamba amri hiyo si yake. Mwenyezi Mungu akitaka atawapokelea toba, akitaka atawaadhibu. Baadhi yao baadaye walisilimu. Ikiwa huyo aliambiwa hivyo kuhusu watu waliokuwa wamembebea panga, sisi tunasema nini kuhusu wauza mkaa na waendesha chukudu wa Goma?

Sasa niingie katika tukio ambalo wengi wetu hatulijui, ingawa limo katika vitabu tunavyovisoma. Madina yenyewe imezungukwa na harra, na harra ni mashamba ya mawe ya volkeno. Mwezi wa Jumada al-Akhira mwaka 654 Hijria, yaani 1256 Miladia, ardhi ilitetemeka kwa siku kadhaa, kisha ikapasuka kusini-mashariki ya mji na moto ukatoka, lava ikatiririka kwa wiki nyingi kuelekea upande wa mji kabla ya kugeuka. Imam Nawawi aliishi zama hizo, na katika sherehe yake ya Sahih Muslim anautaja moto huo alipofika kwenye hadithi inayotabiri moto wa Hijazi utakaomulika shingo za ngamia wa Busra. Abu Shama, mwanachuoni wa Dameski, alinakili barua zilizotoka Madina wakati huo. Katika habari hizo watu walikusanyika msikitini kwa Mtume, wanawake na watoto, wakilia na kutubu. Na amiri wa mji akawaacha huru watumwa wake na kuwarudishia watu mali zao.

Hebu tulipime neno letu kwa tukio hili. Je, Madina ilikuwa inaadhibiwa? Kwa nini basi moto ule haukuingia mjini? Au tuseme moto kutoingia ni dalili ya radhi? Basi tueleze yaliyotokea miezi michache baadaye, Ramadhani ya mwaka huohuo, pale Msikiti wa Mtume wenyewe ulipoungua kwa taa ya mmoja wa watumishi wake. Moto wa mlima ulipita kando, moto wa taa ukauchoma msikiti. Anayetaka kusoma hukumu katika moto atatoka na nini hapo? Mimi naona watu wa Madina walifanya lililo sahihi. Waliuona moto kuwa unawasemesha wao, na jibu lao halikuwa maneno. Mtumwa alitoka nyumbani kwa amiri akiwa huru, na mwenye mali aliyedhulumiwa alirudishiwa.

Kuna madhara mengine ya neno "adhabu" ambayo hayazungumzwi, nayo ni kwamba linafunika madhambi halisi. Tarehe 17 Januari 2002 Nyiragongo ilipasuka ubavuni, lava ikapita katikati ya Goma hadi Ziwa Kivu, ikafunika sehemu ya uwanja wa ndege, na zaidi ya watu laki moja wakakosa makazi. Kituo cha mafuta kililipuka kikaua watu. Tarehe 22 Mei 2021 ilipasuka tena usiku. Safari hiyo baadhi ya waliokufa walikufa katika ajali za barabarani wakikimbia, na wengine walipokuwa wakivuka lava ambayo juu ilikuwa imeganda lakini bado inatoa joto na gesi. Kituo cha kuchunguza volkeno kule Goma kilikuwa kimepungukiwa fedha katika miezi iliyotangulia, hata intaneti ya kupokelea vipimo ikakatika kwa muda. Na kwa nini watu wengi namna ile wanaishi chini ya mlima ule? Wengi walifukuzwa vijijini na vita. Sasa ukisema "ni adhabu ya Mungu", umewaachia huru wenye bunduki, na wenye bajeti, na umemtia hatiani bibi asiye na miguu ya kukimbia. Lava haina dhambi. Lakini kati ya lava na maiti kuna mambo mengi ya mikono ya watu, na huko ndiko aya ya Suratush-Shura ingetufaa zaidi.

Mama mdogo alitufundisha neno moja usiku ule ambalo sikuwahi kulisikia: mazuku. Ni neno la Kiswahili cha kwao, na wataalamu wa volkeno duniani wanalitumia kama lilivyo. Ni hewa ya ukaa inayotoka ardhini na kutuama mabondeni na mashimoni kwa kuwa ni nzito kuliko hewa ya kawaida. Haina rangi, haina harufu. Mbuzi akishuka shimoni hatoki, na mtoto akimfuata mbuzi naye hatoki. Watu wa upande wa Goma na Sake wanayajua maeneo yake na huwaonya wageni. Alisema alipokuwa mdogo walikatazwa kucheza kwenye vishimo asubuhi mapema kabla jua na upepo havijaitawanya. Huo ndio ujuzi wa mtu aliyeishi na alama ile, na hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa amefikiri kumuuliza chochote kuhusu volkeno mpaka hapo, ilhali tulikuwa tumesafiri siku nzima kwenda kuitazama.

Qur'ani inatuamrisha mara nyingi tutembee katika ardhi na tutazame. Naamini safari ya familia kama ile ni utekelezaji wa amri hiyo, na sioni ubaya wa kupiga kambi, kupika, na watoto kupiga kelele pangoni. Kutazama hakutoshi bila kumuuliza mwenyeji, basi.

Limebaki jambo moja ambalo bado nalitafakari, na wasomaji wenye elimu zaidi huenda wakanijibu. Ikiwa hatuwezi kusema "adhabu", je, tunaweza kusema "neema"? Kwa sababu asubuhi ileile mjomba alikuwa ameshika konzi ya udongo mweusi wa Kisoro akasema watu wa hapa Mwenyezi Mungu amewapenda. Sote tuliitikia alhamdulillah. Lakini Suratul-Fajr, aya ya 15 na 16, inamtaja binadamu ambaye akipewa husema Mola wangu amenitukuza, na akibanwa riziki husema Mola wangu amenidhalilisha. Kisha inamkemea kwa yote mawili, na mara inageukia yatima ambaye hamkirimu na maskini ambaye hahimizi alishwe. Aya hizo zinaniambia kwamba shukrani ni wajibu, ila kudai kupendwa kwa kuwa udongo ni mzuri ni kosa pacha la lile la kudai wengine wamechukiwa kwa kuwa nyumba zao zimeungua. Udongo ule wa Kisoro ni majivu na lava zilizooza kwa maelfu ya miaka. Ulipotoka ulikuwa moto kama wa Goma, na kilichokuwa mbele yake kiliungua. Sisi tumefika ukiwa umepoa, tukapanda viazi.

Wallahu a'lam.